Bunduki Tano za Thamdit

Kisima cha Thamdit kilikuwa na kina cha pima kumi na moja. Azzan alilijua hilo kama alivyojua umri wake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikipima. Aliajiriwa na idara ya maji wakati kusini mwa Yemeni bado ni dola yenye bendera yake. Dola ile ikafa, idara ikaifuata, na dola iliyokuja baadaye nayo ikafa, lakini kila mwezi ulipoandama Azzan aliteremsha kamba yenye mafundo, moja kwa kila pima, akahesabu mafundo yaliyorudi yamelowa, akaandika. Daftari la kwanza lilikuwa na muhuri wa serikali. La sita lilikuwa daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Hakuna aliyemwomba aendelee. Aliendelea kwa kuwa hakupenda kuacha pengo katikati ya namba.

Maji yenyewe yalifika pima mbili na nusu miaka ya neema, mbili kasoro robo miaka mibaya. Yaliwatosha ngamia mia moja na arobaini wa ukoo wao, wakija kwa zamu kila siku ya nne wakati wa joto. Babu yake na ndugu zake wawili walikichimba kwa miaka saba. Ndugu mmoja alifia humo baada ya jiwe kumwangukia, na watu waliendelea kunywa maji hayo bila kulizungumza sana.

Kisha wakaja askari wa nchi jirani, wakasema wamekuja Mahra, mkoa wa mashariki ya mbali, kuzuia magendo. Watu waliwaita Wageni na jina likawaganda, ingawa mgeni hukaa siku tatu na hawa walikuwa wanaingia mwaka wa tatu. Walianza na uwanja wa ndege wa Ghaydha, mji mkuu wa mkoa. Wakafuata bandari, halafu kituo cha mpakani, ambako malori ya matairi na vipuri kutoka Oman yalianza kusubiri wiki tatu, baadaye mwezi. Vijana waliokuwa wakila kwa malori hayo waligawanyika: wengine walirudi nyumbani kukaa, wengine wakavaa magwanda ya Wageni. Hakuna vita iliyopiganwa. Kwingineko Yemeni watu walikufa kwa maelfu na dunia ikaandika. Habari za Mahra hazikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyekufa. Kambi zilijitokeza tu moja baada ya nyingine, na kila kambi ilihitaji maji.

Seng'enge ilizungushwa Thamdit siku moja ya Jumanne, kati ya asubuhi na adhuhuri. Kufikia jioni kisima kilikuwa ndani na ukoo ulikuwa nje.

Walifanya jambo lililokuwa ndani ya uwezo wao. Walipiga mahema kumi na mawili barabarani, mbele ya lango la kambi, wakaketi. Malori ya saruji hayakuweza kupita bila kuwakanyaga, na Meja Fawaz, mkuu wa kambi, hakuwa na amri ya kukanyaga watu. Wiki ya tatu koo mbili za jirani zilileta mahema yao pia. Wiki ya tano dereva wa lori la mwisho aligeuza, akapiga honi mara tatu kwa hasira, akaondoka, na wazee walicheka mpaka wakakohoa.

Aliyelipa gharama ya kicheko hicho alikuwa Tuful, dada yake Azzan, mjane mwenye ngamia thelathini na mmoja. Kisima kingine kilichokuwa karibu kilikuwa mwendo wa saa kumi na mbili, na maji yake yalikuwa na chumvi. Aliwapeleka na kuwarudisha, akawapeleka tena. Ngamia wawili walitoa mimba njiani. Siku ya thelathini na saba aliingia hemani kwa Azzan akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaketi, akanywa birika zima la chai.

"Shamlut atazaa mwezi huu," alisema mwishoni. Shamlut alikuwa jike mweusi, wa kwanza katika kundi lake. "Safari nyingine kama hii hataimaliza."

"Wamebakiwa na saruji ya siku nane," Azzan alisema. "Nimehesabu mifuko kwa darubini. Ikiisha, meja atalazimika kuzungumza."

"Wewe na hesabu zako, kaka. Ngamia umemhesabu? Ana mifuko mingapi tumboni?"

Kabla Azzan hajajibu, gari lilisimama nje, na gari la hapo lilikuwa moja tu: Landkruza mpya ya binamu yao Bakhit, ambaye zamani alikuwa na lori mpakani na sasa aliwapelekea Wageni nyama na mboga. Bakhit aliingia akiwa ameshika viatu mkononi. Aligusana pua na Azzan, akamsalimia Tuful kwa mbali, akabaki amesimama.

"Kaa, huuzi mboga hapa," Tuful alimwambia.

"Dada Tuful, leo nitukane utakavyo. Nina habari." Aliketi, akafuta jasho. "Meja analeta bunduki. Kesho, baada ya swala ya alasiri. Bunduki tano."

Kila aliyekuwa hemani alijua maana yake, na hata Shamlut angeijua kama angeulizwa. Kwa watu wa Mahra, aliyekosa humpelekea aliyekosewa bunduki. Kuzileta ndiko kukiri. Kuzipokea ni kukubali kuhukumu badala ya kupigana, na tangu hapo kila mkono hushushwa mpaka hukumu itolewe. Zikishapokelewa huning'inizwa kwa mwenye haki, hazitiwi risasi, na hukumu ikitekelezwa zinarudishwa kwa mwenyewe. Watu wameua na kuuawa, lakini hakuna aliyewahi kucheza na bunduki za hukumu.

"Nani kamfundisha?" Azzan aliuliza.

"Mtu akikaa miaka mitatu hujifunza. Kwani yeye jiwe?"

"Alisema ni za nini?"

"Azzan!" Bakhit aligeukia hema zima kama anayetafuta shahidi. "Mtu anakuletea bunduki tano, utamwuliza ni za nini? Amekuja harusini?"

Wazee waliokuwa wamekwishaanza kujaa mlangoni walicheka. Azzan naye alitabasamu, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi. Aliyeleta bunduki haulizwi kosa lake. Kumwuliza ni kumvua nguo mbele za watu, na anayefanya hivyo hupoteza haki yake papo hapo.

Kesho yake Meja Fawaz alikuja na magari mawili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya chini. Alivua viatu kabla ya kuambiwa. Alikunywa kahawa vikombe vitatu, akatikisa kikombe ipasavyo ili asiongezwe. Watu walitazamana. Bunduki ziliingizwa zimefungwa blanketi la kijivu, mpya, bado zina mafuta ya kiwandani, zikalazwa mbele ya Mzee Tanaf, mkuu wa ukoo, mwenye miaka themanini na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Tanaf alizipapasa moja moja kwa viganja.

"Tumezipokea," alisema.

"Mungu awape nguvu," alisema meja. "Kuna fomu ndogo. Mnajua jeshi letu, hata kijiko kina fomu."

Fomu akapewa Azzan, kwa kuwa ndiye msomaji wao. Hapo ndipo alipofanya kazi yake kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Karatasi iliitwa hati ya makabidhiano. Ilikuwa na safu ya namba za bunduki, safu ya majina, na safu ya dole gumba. Haikusema ni kwa sababu gani. Azzan alisoma mara mbili kutafuta sababu, hakuiona, na akaona hivyo ndivyo inavyopasa: bunduki za hukumu hazitajiwi sababu. Kisha akalinganisha kila namba iliyoandikwa na namba iliyochongwa kwenye chuma. Katika bunduki ya nne, tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Alimwonyesha meja. Meja alisahihisha kwa mkono wake, akaweka sahihi kando, akasema, "Laiti ningekuwa na karani kama wewe."

Majina matano yalitakiwa. Hilo nalo lilikuwa kama mila, kwa sababu bunduki za hukumu hupokelewa na wadhamini, kila mmoja yake. Tanaf alitia dole gumba, Azzan akatia sahihi, na wazee watatu wakafuata.

Azzan alifungua mdomo. Alitaka kuuliza jambo moja tu: hukumu ikishatoka waipeleke kwa nani, kwa meja au kwa wakubwa wake Ghaydha? Ilikuwa namna ya kuuliza bila kuuliza. Lakini Tanaf, asiyeona, alihisi pumzi yake ikijipanga, akamwekea mkono gotini.

"Mwache mtu na aibu yake," alimnong'oneza.

Meja alipoondoka walianza kung'oa mahema, kama mila inavyotaka. Koo za jirani ziling'oa yao pia, wakagusana pua, wakapongezana, wakaenda zao. Tuful alisimama katikati ya barabara iliyobaki tupu, akitazama vijiti vya hema vikifungwa kwenye ngamia.

"Tungengoja hukumu tukiwa tumekaa," alisema.

"Haiwezekani, dada. Unajua."

"Najua. Nimesema tu."

Malori ya saruji yalipita kabla ya magharibi. Lilikuwepo pia lori moja refu lenye mabomba na mashine iliyofunikwa turubai. Azzan aliliona, akaliandika.

Wazee walikaa siku tatu kuhukumu, na hukumu yao ilikuwa nyepesi kwa makusudi, maana mshindi anayebana sana huonekana mwenye njaa. Hawakudai kambi iondoke. Walidai seng'enge isogezwe hatua arobaini kutoka mdomo wa kisima, na ngamia mmoja achinjwe hapo, wale wote pamoja, wao na askari. Azzan aliiandika kwa mwandiko wake mzuri, nakala mbili. Siku ya nne, Jumatatu, walikwenda langoni watano kwa miguu, Tanaf akiongozwa kwa mkono, na bunduki zikiwa zimefungwa katika blanketi lilelile la kijivu.

Askari wa langoni alikuwa kijana wa Kitihama, kutoka upande mwingine kabisa wa nchi, mwenye ubao wa karatasi mkononi.

"Majina?"

Walimtajia. Alipitisha kalamu kwenye orodha.

"Mmechelewa. Zamu yenu ilianza Jumamosi."

"Zamu gani, mwanangu?" Tanaf aliuliza.

"Ya ulinzi, babu. Kituo cha maji. Mbona mmefunga silaha kama maiti? Zifungueni, meja akiona atanilaza ndani mimi."

Azzan alimwomba aone orodha. Kijana hakuona ubaya. Ilikuwa imepigwa chapa: Walinzi wa Kienyeji, Kituo cha Maji cha Thamdit. Majina matano, namba tano za bunduki, ya nne ikiwa imesahihishwa. Mbele ya jina la Tanaf palikuwa na safu ya umri, na hapo mtu alikuwa ameandika arobaini na tano.

Meja Fawaz aliwapokea ofisini kwenye kontena lenye kiyoyozi. Aliagiza juisi ya embe ya kopo. Azzan aliisoma hukumu yote, kwa Kiarabu safi cha shule. Meja alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kitu ambacho Azzan alijaribu kwa wiki nyingi baadaye kukipa jina. Haikuwa kejeli. Ilikuwa mshangao wa mtu aliyefikiri biashara imekwisha.

"Hukumu ya nini, Sheikh?" alimwuliza Tanaf. "Mimi nilitoa nafasi tano za kazi, na silaha. Mkazipokea. Mkaondoa mahema. Nikadhani tumeelewana."

"Ulileta bunduki," Tanaf alisema.

"Nilileta, ndiyo."

"Kwa mwenye kisima."

"Kwa walinzi wa kisima." Meja aliegemea mbele. "Bakhit aliniambia, hawa watu ukiwapelekea bunduki wanaondoka barabarani. Sikumwuliza kwa nini. Kila kabila lina bei yake, si vibaya. Kwetu pia iko hivyo."

Mzee mmoja alisimama, akaweka bunduki yake mezani. Wengine wakafuata. Meja hakuzigusa.

"Mkiziacha hapo, nitalazimika kuandika kwamba walinzi watano wametelekeza silaha," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Majina yatapelekwa kwenye kila kizuizi mpaka Ghaydha. Sheikh anakwenda Ghaydha kutazamwa macho, sivyo? Vizuizi vitatu. Sitaki iwe hivyo. Na mkirudisha mahema, wale wengine watakuwa raia wanaolalamika, lakini ninyi watano mtakuwa askari walioasi. Hiyo si sheria yangu."

Azzan alitafuta kosa katika maneno hayo. Alitafuta kama alivyotafuta tarakimu zilizobadilishana. Hakuliona. Kila kitu alichosema mtu yule kilikuwa kimeandikwa, na sahihi ilikuwa ya Azzan mwenyewe.

"Na maji?" aliuliza.

"Mlinzi akiwa zamu ana haki ya kunywesha wanyama wake. Wanane kwa kila mlinzi. Niliwaombea kumi, wakubwa wakakataa."

Walirudi na bunduki. Jioni ile Tanaf alituma mtu kwa koo mbili za jirani kuomba mahema tena. Majibu yalikuja kwa adabu. Walisema wamesikia kuwa ndugu zao wamepokea bunduki na hawajazirudisha, na wanaomba Mungu aifanikishe hukumu, na hema halipigwi juu ya bunduki zilizopokelewa. Ilikuwa kweli, na Tanaf mwenyewe angejibu hivyohivyo.

Bakhit alikuja siku ya pili. Safari hii Tuful alimkuta nje, kabla hajavua viatu.

"Ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwambia kweli. Kwamba mkipelekewa bunduki mtang'oa mahema. Ni uongo?"

"Na maana yake ulimwambia?"

"Hakuuliza!"

"Na sisi ulituambia nini?"

"Niliwaambia analeta bunduki. Alileta, hakuleta?" Bakhit alikuwa karibu kulia, au alikuwa hodari wa kuonekana hivyo. "Dada, mimi nilitaka mtoke juani. Watoto wa ukoo mzima walikuwa wanakohoa mavumbi. Mimi ndiye niliyewaombea hizo nafasi tano. Mjini watu wanalipa kupata nafasi kama hizo."

"Toka hapa kabla sijakutia alama ya moto kama ngamia, watu wajue ni mali ya nani."

Aliondoka. Azzan alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitaka kuamini kwamba Bakhit alijua, kwa sababu uovu wa mtu mmoja ni kitu unachoweza kukishika. Lakini alipoyapanga maneno yote kwa zamu, ya Bakhit, ya meja, ya Tanaf, na ukimya wake mwenyewe, hayakuhitaji mtu mwovu popote. Ilitosha kwamba hakuna aliyeuliza.

Siku ya tisa tangu bunduki zipokelewe, Azzan alivaa gwanda. Lilimpwaya mabegani. Wale wazee watatu walikuwa wamevaa kabla yake, bila kuambiana. Tanaf aliandikiwa ruhusa ya ugonjwa isiyo na mwisho, na ngamia wanane wa haki yake wakafutwa.

Zamu yake ilikuwa kutoka asubuhi mpaka saa tisa alasiri, pamoja na yule kijana wa Kitihama, aliyekuwa mcheshi na aliyemwita "ami" tangu siku ya kwanza. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye mdomo wa kisima, bomba nene limeteremshwa ndani, na ilinguruma mchana kutwa ikijaza matangi ya kambi. Mawe ya ukingo yaliyochimbwa na kamba za vizazi vinne, mifereji mikubwa kiasi cha kuingia kidole, yalikuwa yamewekwa kando ili mashine ikae sawa. Azzan aliomba ruhusa ayarudishe ikiwezekana. Kijana alisema si kazi yao.

Siku ya nne ya zamu Tuful alikuja na ngamia. Azzan aliwaona wakiteremka mlimani, akawahesabu kwa mazoea. Ishirini na sita. Hakuuliza kuhusu wengine watano.

Tuful alisimamisha kundi hatua kumi kutoka lango. Alilitazama gwanda, akaitazama bunduki, akamsalimia kwa salamu ndefu ya heshima ambayo mtu humpa mgeni asiyemjua ukoo. Azzan aliiitika yote, mstari kwa mstari.

"Kibali, mama," kijana wa Kitihama alisema.

"Kibali ni huyu," Tuful alisema, akimwonyesha kaka yake kwa fimbo. "Nimezaliwa naye."

Kijana alicheka. "Sawa, ami Azzan. Wanane. Wengine wangoje huko nyuma, wasisukume seng'enge."

Ngamia walikuwa wamekwishanusa maji. Walinyoosha shingo, walilia kwa sauti ile ya chini inayotoka kifuani, na wa nyuma walianza kupanda juu ya wa mbele. Tuful alipita kati yao. Azzan alijua anachofanya: alikuwa anachagua. Aliwaita kwa majina, na kila aliyeitwa alitoka. Wa kwanza alikuwa Shamlut. Alikuwa amezaa. Ndama wake mweupe kama udongo wa chokaa alitembea amejibana kwenye paja lake, miguu bado haijakubaliana.

Azzan alifungua lango. Shamlut akapita na ndama wake, wakafuata wengine, mmoja mmoja. Kijana alikuwa anahesabu kwa kalamu.

"Wanane. Funga, ami."

"Ni saba," Azzan alisema. "Na ndama."

"Wanane."

"Ndama hanywi maji. Ana siku sita. Ananyonya."

"Ana miguu minne, ana kichwa. Kwenye fomu wameandika wanyama, hawakuandika wakubwa." Kijana alisema hivyo bila ubaya, akimwonyesha karatasi ili asome mwenyewe. "Tazama. Nitaulizwa mimi."

Azzan alisoma. Ilikuwa imeandikwa wanyama.

"Basi mtoe ndama, mwingine aingie," kijana aliongeza kusaidia.

Waligeuka wote wawili kumtazama Tuful, aliyekuwa nje akiwa na ngamia kumi na tisa na fimbo moja. Alikuwa amesikia. Karibu naye alisimama jike wa kijivu aliyekuwa ameitwa jina na kutoka, na sasa amekwama kwenye mwanya wa lango, kifua chake kimegusa chuma.

"Shamlut hanywi asipomwona mtoto," Tuful alisema. "Unajua hilo, kaka, au haliko kwenye daftari?"

"Najua."

"Basi funga."

Azzan alimsukuma jike wa kijivu kwa kiganja, taratibu, kifuani, mpaka akarudi nyuma. Akafunga lango. Sauti ya kitasa ilipotea katika ngurumo ya mashine.

Wale saba walikunywa kwa muda mrefu. Ndama alisimama chini ya mama yake, hakugusa hori. Tuful aliketi kwenye kivuli cha ngamia wengine, mgongo ameuelekeza langoni, na hakugeuka mpaka walipotolewa. Kisha akawakusanya wote, akashika njia ya kisima cha chumvi. Azzan alimtazama mpaka alipoingia nyuma ya mlima.

Saa tisa kasorobo mashine ilizimwa ili ipoe. Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Azzan alimwambia kijana kuwa anataka kutazama kitu kidogo, na kijana, aliyekuwa anakula wali kwenye sufuria, akatikisa kichwa kuwa hewala. Aliegemeza bunduki ukingoni, akatoa kamba mfukoni mwa gwanda, akaipitisha pembeni ya bomba. Iliteremka muda mrefu kuliko ilivyozoea mikono yake kabla ya kugusa maji. Alisikia jiwe la kamba likigonga mwamba wa chini, kama kawaida, akaanza kuvuta.

Fundo la kumi na moja lilitoka limelowa. La kumi lilikuwa kavu.

Alilipapasa tena, akalinusa, akaliweka shavuni. Lilikuwa kavu. Akafungua daftari lenye mchezaji mpira, akaandika tarehe, na mbele yake akaandika pima moja. Katika safu ya maelezo, ambako kwa miaka yote aliandika mvua au ukame, alishika kalamu muda mrefu. Kijana alimwita, ami, wa zamu nyingine wamefika, njoo utie sahihi.

Aliiacha safu ile wazi, akaokota bunduki, akaenda kutia sahihi.